Wavu wa Mbuta na Mayai ya Madam

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Rispa alifungua banda la bata. Kisha aliviringisha ulimi wake mdomoni.

"Drrr, drrr, drrr!"

Bata wakatoka. Bata si kuku. Kuku akifunguliwa hukimbia kama amechelewa sokoni. Bata wa Rispa walitoka kwa mstari, polepole, wakitikisa mikia mpaka kwenye beseni la maji. Hapo walizamisha midomo, wakajimwagia maji mgongoni, na maji yakateleza yote bila kuwalowesha. Rispa alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi. Bado alisimama kidogo kila siku kulitazama.

"Nyar Gwassi, umemaliza kuongea na watu wako?" mumewe, Jared, aliuliza akiwa mlangoni. Alimwita hivyo, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu Rispa alizaliwa huko, kule milimani juu ya ziwa. Mwanamume Mjaluo hupenda kumwita mkewe kwa jina la kwao. "Mbona hawakujibu?"

"Wao hawana kelele kama wewe," Rispa alisema.

Ni kweli. Bata hao walikuwa wa ile aina kubwa, weusi na weupe, wenye ngozi nyekundu usoni. Bata wa aina hiyo hawapigi kelele. Wakikasirika hutoa pumzi tu: hhhh. Hapo Lambwe, bondeni walikoishi, watu wengine huwaita mabubu.

Sauti ile ya ulimi Rispa aliipata kwa mama yake. Mama yake alifuga bata maisha yake yote, na aliwaita hivyo kila asubuhi. Mwaka uliotangulia Rispa alikwenda kumwona, akarudi na vifaranga sita kwenye kikapu. "Lea hawa," mama alimwambia. "Ukiwa nao, nitakuwa nawe." Haukupita muda mrefu, wakamzika. Vifaranga walikua, wote wakawa majike. Jared akatoa jogoo kwa jirani, akapewa bata dume.

Jike mkubwa kuliko wote aliitwa Madam. Alitembea kifua mbele kama mwalimu mkuu anayekagua gwaride. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaga, na wa kwanza kuatamia. Ilikuwa wiki ya tatu sasa amelalia mayai yake pembeni mwa banda, ndani ya tairi kuukuu lililojazwa nyasi. Hao wangekuwa vifaranga wake wa kwanza. Rispa aliwasubiri kwa hamu kuliko Madam mwenyewe.

Banda lenyewe alilijenga Jared. Alisimamisha nguzo nne na kuezeka bati juu. Pande zote akazungusha wavu wa kuvulia. Wavu huo ulitoka Sindo, kando ya ziwa, kwa kaka yake, ambaye huvua mbuta, wale samaki wakubwa wa huko. Katika sehemu hii ya nchi wavu kuukuu hautupwi. Utauona umefunika sukuma wiki, na utauona kwenye magoli ya shule.

"Hii nyavu ilishika mbuta mkubwa kama mtu," Jared alijisifu siku alipomaliza. "Mnyama gani ataiweza?"

Hakuna aliyembishia. Hata wewe msomaji pengine ungempa mkono na kumpongeza.

Jumanne moja asubuhi, Rispa alikwenda bandani kama kawaida.

"Drrr, drrr, drrr!"

Hakuna aliyetoka.

Juu, karibu na bati, wavu ulikuwa na tundu. Halikuwa tundu kubwa. Ngumi ya mtu ingepita kwa shida. Lakini ndani, nyasi zilijaa manyoya na damu. Bata walikuwa wamenaswa kwenye wavu kwa mabawa na kwa miguu, kama samaki. Wawili hawakuwa na vichwa. Dume alikuwa amekufa. Majike watano walikuwa wamekufa. Rispa aliinama kuwahesabu.

Kisha akasikia: hhhh.

Pembeni, ndani ya tairi, Madam alikuwa amekaa juu ya mayai yake. Ngozi ilikuwa imechanika chini ya shingo. Mgongoni palikuwa na matundu ya meno, na damu ilikuwa imekauka juu ya manyoya meupe. Alimtazama Rispa kwa jicho moja. Hakuondoka.

"Yawa!" Jared alipiga kelele nyuma yake. "Ni nini hii? Mbona hatukusikia kitu?"

"Wangelia vipi? Si ni mabubu," Rispa alisema, na machozi yakamtoka.

Mama yake Jared alitoka jikoni kwake akiwa na fimbo. Watu wote wa boma humwita Dani, yaani nyanya. Aliwatazama bata waliokufa. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akasema, "Hawa bado wako sawa. Nyama ni nyama. Nitaweka sufuria."

"Mama, ngoja kwanza," Jared alisema. Akainama kwenye tairi. "Na huyu pia amekwisha. Leteni kisu tumchinje kabla hajajifia."

"Hapana," Rispa alisema.

"Angalia hiyo shingo, Nyar Gwassi."

"Angalia wewe! Wenzake wote wamekufa hapa mbele yake. Yeye ametoka kwa mayai? Hakutoka." Rispa alisimama kati ya Jared na tairi. "Hawa ni wa mama, Baba Irine. Na dume ameenda. Hayo mayai yakiharibika, hakuna mengine. Hakuna tena kitu cha mama katika hili boma."

Irine ni binti yao, aliye shule ya bweni. Jared alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Basi nilete mafuta ya taa nimwagie kidonda. Baba alikuwa anatibu ng'ombe hivyo."

Wakati anatafuta chupa, Rispa alipiga simu kwa Caren. Caren ni mhudumu wa mifugo. Anakaa ng'ambo ya kijito, na siku za soko huuza dawa za mifugo pale Magunga. Watu humwita daktari. Ana sauti ambayo haihitaji simu.

"Ati mafuta ya taa?" Jared alimsikia kutoka mbali. "Mafuta ya taa ni ya taa! Mwambie aweke hiyo chupa chini. Inachoma nyama na kuua ngozi. Usimwagie kitu chochote. Funika banda kwa gunia liwe giza, na mwache huyo bata atulie. Ninakuja."

Pikipiki yake ilifika kabla chai haijachemka. Caren hakukimbilia kushika kitu. Alichuchumaa mbele ya tairi akatazama kimya. Yeye ambaye hanyamazi, alinyamaza.

"Pole sana, mama," alimwambia Rispa. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hii nimetibu wanyama. Mnyama akiumwa hivi, anakimbia. Huyu amekaa. Tazameni."

Wakamtazama wote. Madam akatoa pumzi: hhhh.

"Haya," Caren alisema, na sauti yake ikarudi. "Chemsha maji, kisha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kwa nusu lita, chumvi kijiko kidogo kimoja, kisichojaa sana. Leta leso safi ya kujifunga. Leta katoni. Na kila mtu anawe mikono kwa sabuni."

"Tunanawa kwa sababu ya bata?" Dani aliuliza.

"Kwa sababu ya bata na kwa sababu yetu. Mate ya mnyama wa porini yako kwenye hicho kidonda. Mtu yeyote akiumwa na mnyama wa porini, au na mbwa asiyejulikana, anaosha jeraha na sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano. Halafu anaenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hata kama ni mkwaruzo mdogo."

Caren alimfunika Madam kwa leso, kichwa na mabawa, akamwinua.

"Ndege akikaa gizani anatulia," alieleza. "Usimfukuze kwanza umshike. Hofu peke yake inaweza kumuua."

Akakata manyoya yaliyozunguka jeraha kwa mkasi. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, mara nyingi, taratibu, hadi damu na uchafu vikatoka. Matundu ya meno aliyaosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yaingie mpaka ndani.

"Haya matundu madogo ndiyo mabaya," alisema. "Juu yanaziba haraka, usaha unabaki ndani. Kwa hivyo nitamchoma sindano. Wewe usimpe dawa ya watu. Unajua wale wanaofungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda? Usifanye hivyo. Na akipona, msimle wala msile mayai yake mpaka niseme dawa imeisha mwilini."

Mwisho alipulizia dawa ya vidonda, ile ya rangi ya buluu. Madam akawa na shingo ya buluu.

"Sasa amevaa uniform," Jared alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutabasamu asubuhi hiyo.

"Atakaa ndani ya nyumba," Caren aliendelea. "Katoni, nyasi kavu, mahali pa joto, pasipo na kelele. Funika kwa kitambaa chepesi, nzi wasimguse. Nzi akitaga kwenye kidonda, kesho una funza. Leo mpe maji yenye glukosi kidogo. Usimlazimishe kula. Kesho mpe unga laini uliolowekwa, uweke na unga wa omena, dagaa waliosagwa. Nyama mpya inajengwa na chakula. Na asioge mpaka kidonda kifunge."

"Asioge? Bata?"

"Maji ya kunywa yawe na kina, azamishe mdomo na kusafisha pua. Lakini mwili usiingie. Hilo beseni lenu lina matope. Matope na kidonda havipatani."

Rispa alikuwa anasikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye tairi. "Daktari, na mayai? Yatapoa."

"Yana dakika zake, usiogope. Hata mama bata hutoka kwenda kula. Lakini tusikawie. Hapa kuna kuku anayeatamia?"

Dani alicheka. "Kuku wangu mwekundu ana wazimu. Nilimnyima mayai, sasa anaatamia gunzi la mahindi! Ukipita karibu, anakudonoa."

"Huyo ndiye tunamtaka," Caren alisema.

Wakayabeba mayai kwenye kikapu, yakiwa yamefunikwa sweta, hadi jikoni kwa Dani. Jiko hilo halina dirisha. Caren akafunga mlango, kukawa giza kabisa. Akawasha taa ya simu yake. Akaziba mwanga kwa kiganja, akaacha nafasi ndogo kati ya vidole. Juu ya nafasi hiyo akaweka yai.

Yai likawaka.

Yai lile, ambalo nje lilikuwa jeupe na baridi kidogo, ndani lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Mishipa ya damu ilikuwa imetandaa kila upande, myembamba kama nyuzi. Upande mnene wa yai palikuwa na nafasi ya hewa. Na katikati palikuwa na kivuli cheusi. Kivuli kikasogea.

"Nyasaye!" Dani alinong'ona. Hilo ni jina la Mungu kwa Kijaluo. Aliweka fimbo chini. "Miaka yangu yote nimekula mayai. Sikuwahi kuona hii."

Jared alisogeza uso wake karibu sana. Kivuli kikasogea tena, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Kinatembea," alisema. "Daktari, kinatembea!"

"Kina moyo. Kina macho tayari. Kinangoja tu."

Jared alikaa juu ya gogo la kuni. Aliangalia mikono yake. "Na mimi nilikuwa nimeitisha kisu," alisema. Rispa alimshika bega.

Walipima mayai yote kumi kwa mwanga. Mawili hayakuwa na kitu ndani, maji matupu. Caren akayatoa, kwa sababu yai bovu linaweza kupasuka na kuchafua mengine. Manane yalikuwa hai. Wakayaweka chini ya kuku mwekundu, ambaye alimdonoa kila mmoja wao, kisha akayakusanya kwa mdomo na kuyakalia kama ni yake tangu zamani.

"Sikilizeni vizuri," Caren alisema walipotoka nje. "Mayai ya kuku ni wiki tatu. Ya bata wa aina hii ni wiki tano. Watu wengi huona wiki tatu zimepita, au nne, wanasema yameoza, wanatupa watoto wakiwa hai. Msitupe. Jambo la pili. Mama bata akioga hurudi kwenye mayai akiwa na unyevu tumboni. Unyevu huo unayasaidia. Kuku hapendi maji. Kwa hivyo kila siku kuku akitoka kula, mtu anyunyizie mayai maji vuguvugu kidogo kwa vidole, na ayageuze kwa mkono, maana ni mazito kwa kuku. Siku tatu za mwisho, msigeuze."

"Nani atafanya hiyo kazi?" Rispa aliuliza.

"Mimi," Jared alisema haraka.

"Sasa nimezaa bata," Dani alisema.

Lakini hasira ya Jared ilikuwa haijaisha. Alikwenda ghalani akarudi na chupa ya dawa ya wadudu anayonyunyizia nyanya za shambani. "Huyo muuaji atarudi," alisema. "Nitampaka hii dawa bata mmoja aliyekufa, nimwache pale. Atakula na atalala hapo hapo."

Caren alimzuia njiani. "Atakula nani? Unajua ni nani atakula kwanza? Ni mbwa wa jirani. Ni mwewe. Ni tai mla mizoga, ambaye akifa, mizoga mingine inabaki kuoza bila mlaji. Ni mtoto anayeokota manyoya na kuweka mkono mdomoni. Sumu haichagui, Baba Irine. Na ni kosa kisheria. Hapa tumepakana na mbuga ya Ruma. Mnyama akiwasumbua, piga simu kwa watu wa wanyamapori. Usimwekee sumu."

"Kwa hivyo nimwache arudi?"

"Atarudi. Mnyama akila mahali, anarudi. Wewe unamfungia mlango. Njoo nikuonyeshe ni nani."

Walirudi bandani. Caren alionyesha kwa kidole bila kugusa.

"Ni mbwa? Mbwa angechimba chini au kung'oa nguzo. Hapa chini hakuna kitu. Ni fisi? Fisi angebeba wote. Huyu aliingia juu, akala vichwa, akaacha miili. Na tazama kwenye vumbi, juu ya nguzo. Nyayo ndogo, mviringo, kama za paka. Huyu ni kanu. Kwa Kijaluo ni ogwang'. Mwembamba, ana madoadoa, mkia mrefu wenye mistari. Alipita pale." Alinyoosha mkono juu. Tawi la mti wa siala lilikuwa limelala juu ya bati.

"Katika tundu hilo dogo?" Jared hakuamini.

"Kichwa kikipita, mwili wote unapita. Anajikunja kama utambi. Mungu alimuumba hivyo." Caren alisema hayo kama mtu anayemsifu jirani mkorofi. "Lakini sikiliza. Kanu hakuwaua hawa bata peke yake. Alisaidiwa."

"Na nani?"

"Na hii nyavu yako."

Jared alishika wavu.

"Nyavu inashika mbuta kwa sababu mbuta ananaswa," Caren alisema kwa upole. "Kazi yake ni kunasa. Haikutengenezwa kuzuia meno. Kanu aliikata mara moja. Bata wakashtuka, wakakimbilia ukutani, na nyavu ikawanasa kama inavyonasa samaki. Kama kungekuwa na ubao, wangejificha pembeni. Yule Madam alipona kwa sababu ya tairi. Hakukaribia nyavu."

Jared akachukua kisu, kile alichotaka kumchinjia Madam, akaanza kukata wavu kutoka kwenye nguzo.

Bata waliokufa hawakuliwa. "Hujui wamekufa tangu saa ngapi, na hujui kilichokuwa kwenye meno ya huyo mnyama," Caren alimweleza Dani. Dani alinung'unika, lakini alikubali. Jared alichimba shimo refu hadi kiunoni, mbali na kijito, wakawazika na kupanga mawe juu. Mzoga ukiachwa wazi huwaita wanyama wengine. Rispa alibaki pale hadi jiwe la mwisho.

Siku zilizofuata boma lilikuwa na kazi mbili. Ndani ya nyumba, Rispa alimhudumia Madam. Siku ya kwanza bata alikunywa tu. Siku ya tatu alikula unga wa omena mpaka akapiga chafya. Caren alikuja akaona kidonda hakina harufu wala usaha. Kisha Rispa akaanza kuona kitu kipya. Pale ambapo ngozi ilikuwa wazi na nyekundu, palifunga. Juu ya ngozi mpya, manyoya yakachomoza, madogo na magumu kama miba. Rispa aliyagusa kwa ncha ya kidole. Alishangaa. Nani aliyeuambia mwili wa bata jinsi ya kujishona?

Nje, Jared alijenga. Nusu ya chini ya banda aliweka mbao. Nusu ya juu alipigilia waya mgumu wa matundu madogo, ule ambao mafundi huuita coffee tray. Chini ya mbao alizika waya huo huo ardhini kina cha goti, ili anayechimba akutane nao. Kati ya bati na ukuta hakuacha nafasi ya kupitisha hata mkono wa mtoto. Mlangoni aliweka makomeo mawili, kwa sababu wanyama wengine hufungua moja. Alikata tawi la siala. Sakafu aliinua na kuitandika maranda makavu. Banda liligharimu zaidi kuliko wavu wa bure, na lilichukua muda. Alinunua waya kipande kwa kipande.

"Na hii nyavu?" Dani aliuliza.

"Irudi kwa sukuma wiki," Jared alisema. "Sukuma haina miguu ya kunaswa."

Kila siku, kuku mwekundu alipotoka kula, Jared aliingia jikoni kwa Dani na bakuli la maji vuguvugu. Majirani walimcheka. Yeye aliendelea. Mara nyingine alifunga mlango na kuwasha taa ya simu, kutazama tu yai moja.

Wiki ya tano ikafika. Asubuhi moja yenye ukungu, Jared aliweka sikio karibu na mayai. Akatoka mbio.

"Nyar Gwassi! Yanaongea! Mayai yanaongea!"

Rispa alisimama ghafla sebuleni. Kando yake, ndani ya katoni, Madam aliinua kichwa. Kutoka jikoni kwa Dani, ng'ambo ya uwanja, sauti ndogo sana zilikuwa zinasikika. Mtu hangezisikia kama hakutega sikio. Bata alizisikia. Akaruka nje ya katoni. Akapita mlangoni, akashuka ngazi, akavuka uwanja. Hakutembea kama mwalimu mkuu tena. Alikimbia, mabawa wazi, shingo yake ya buluu mbele.

"Mwache!" Rispa alisema. "Mfungulie mlango!"

Jared alifungua. Akamwinua kuku mwekundu kwa mikono miwili, akadonolewa barabara, akamweka pembeni. Madam alisimama juu ya mayai. Mayai mawili yalikuwa yameshapasuka nyufa. Kutoka kwenye ufa mmoja mdomo mdogo ulikuwa unasukuma. Madam akainamisha kichwa mpaka karibu na ufa.

Na yule bata bubu akaongea.

"Drrr," alisema, polepole, kooni. "Drrr, drrr, drrr."

Ndani ya mayai, vifaranga wakamjibu.

Rispa alikaa chini sakafuni. Tangu utotoni aliamini kwamba mama yake alijitungia ile sauti. Kumbe hakuitunga. Mama alikuwa amechuchumaa mahali fulani, siku moja, karibu na bata kama huyu, akasikiliza mpaka akajifunza. Rispa alilia kwa sauti, bila kujificha, na Dani akamwacha alie.

Caren alipofika, vifaranga saba walikuwa wameshakauka chini ya mama yao. Yai la nane halikuanguliwa. Caren aliambiwa yote, kuhusu bata aliyesikia mayai ng'ambo ya uwanja.

"Hiyo sikufundishwa chuoni," alisema. Akachuchumaa kando ya Rispa kutazama.

Leo banda la Jared limeshaona misimu miwili ya mvua. Kanu bado yupo. Asubuhi nyingine nyayo zake huonekana kwenye vumbi, zimezunguka banda lote na kuondoka. Majirani watatu wameondoa nyavu kwenye mabanda yao, na Jared ndiye aliyewapigilia waya. Kuku mwekundu alipewa mayai yake mwenyewe, akaacha kudonoa watu, ila Jared.

Kila jioni, kabla jua halijazama, kufunga banda ni kazi ya Jared. Husimama mlangoni na kuviringisha ulimi, vibaya kidogo, kama mtu aliyeungua na uji.

"Drrr, drrr, drrr!"

Madam huja mbele, kifua wazi, na wanawe nyuma yake kwa mstari. Akifika mlangoni huinua kichwa na kutoa ile sauti kooni, kisha huingia. Jared hufunga komeo la kwanza na la pili.

"Baba Irine," Rispa humwita kutoka jikoni. "Wamekujibu?"

"Wamejibu," Jared husema.